Mapenzi ya Shamba Kavu

Iko aina ya hadithi inayopendwa duniani kote na haionyeshi dalili ya kuzeeka. Ndani yake mna shamba lililoelemewa na madeni au ukame, mna familia inayosali kabla ya kula, mna binti wa mwenye shamba, na mna kijana. Mara nyingine vijana ni wawili, mmoja wa hapo hapo na mwingine wa kule taa zinakowaka. Baada ya kurasa 300 shamba limepona, sala zimejibiwa, harusi imefungwa. Nimezisoma nyingi kuliko inavyompasa mzee wa umri wangu, wala sizidharau. Mwalimu anayedharau kinachosomwa na watu amestaafu kabla ya siku zake. Lakini nimeishi karibu maisha yangu yote katika nyanda hizi kavu za kati, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600, na nimezoea kupima hadithi hizo kwa mizani ya huku.

Nikizipima hivyo naona kasoro moja ambayo wahakiki hawaisemi. Wao husema zina machozi mengi, au zina mahubiri mengi. Hilo ni dogo. Kasoro yenyewe ni kwamba hadithi ya mapenzi ya shambani humpenda yule anayeondoka. Aliyebaki ameshika mpini hana hadithi.

Nitatoa mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa nyumbani kabisa.

Wa mbali ni The Shunning, riwaya ya Beverly Lewis wa Marekani iliyotoka mwaka 1997. Aliniletea mwanafunzi wangu wa zamani, mwenyeji wa Mara na muumini wa Kanisa la Mennonite. Kwa asiyejua, wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitokea Lancaster katika jimbo la Pennsylvania, na huko huko Lancaster wanaishi Waamishi wengi, ambao kiimani ni ndugu zao wa tumbo moja. Waligawanyika mwaka 1693 huko Uswisi na Alsace, pale mzee mmoja aitwaye Jakob Ammann aliposhikilia kwamba mtu aliyefukuzwa kanisani lazima atengwe kweli kweli, hata mezani. Wafuasi wake wakavuka bahari kwenda Marekani kuanzia karne ya 18, na leo idadi yao imefika kama laki nne. Hawaungi nyumba zao na umeme wa mtaani, hawamiliki magari, husafiri kwa kigari cha farasi. Mtu hubatizwa akiwa na akili zake timamu, kwa hiari yake mwenyewe, na akishabatizwa kisha akaasi, hutengwa. Mwanafunzi wangu aliniambia, "Soma, Mwalimu, utadhani ni Ugogo."

Nikasoma. Katie Lapp ni binti wa mkulima. Amechumbiwa na askofu wa kanisa lao, mgane mwenye watoto. Anapenda gitaa, kitu kilichokatazwa, na moyo wake haujatoka kwa kijana wa zamani ambaye watu wanaamini alikufa maji. Siku moja darini anakuta kigauni cha mtoto mchanga, cha kitambaa cha kifahari ambacho hakuna Mwamishi angekishona, na kigauni hicho kinamfungulia siri kwamba hakuzaliwa na wazazi aliowajua. Siku ya harusi anamwacha askofu. Anatengwa. Mwishoni anaondoka kumtafuta mama aliyemzaa, mwanamke tajiri wa ulimwengu wa nje.

Lewis anajua kusimulia, na jambo moja amelifanya vizuri kuliko wengi waliomfuata: hawafanyi wazee wa kanisa kuwa mazimwi. Mama aliyemlea Katie, mwenye siri ile kifuani kwa miaka zaidi ya 20, ni mtu kamili. Ukimaliza kitabu unamkumbuka yeye kuliko binti. Tatizo ni kwamba kitabu hakimkumbuki. Kinapofika mwisho kinaangalia barabara anakopita Katie, na mama anabaki nyuma katika nyumba ambayo msomaji hatakiwi tena kuifikiria.

Hili si ajali. Lewis alizaliwa Lancaster lakini si Mwamishi, na mwenyewe ameeleza kwamba hadithi ilichochewa na bibi yake mzaa mama, aliyewaacha Wamennonite wa jadi. Ni hadithi ya aliyetoka, iliyosimuliwa na mjukuu wake, kwa wasomaji ambao hawajawahi kuwa ndani. Wengi walioandika vitabu vya namna hii baadaye, na wamekuwa kundi kubwa, nao si Waamishi. Ndiyo sababu shamba lao halibadiliki. Lancaster ya kweli imebadilika: ardhi imekuwa ghali mno, familia ni kubwa, na kaya nyingi za Waamishi siku hizi zinaishi kwa useremala, ujenzi, karakana na vibanda vya sokoni kuliko kwa jembe. Lakini katika vitabu baba bado yuko nyuma ya farasi, maana msomaji wa mjini amelipia farasi.

Mfano wa nyumbani ni Shida ya Ndyanao Balisidya, iliyotolewa na Foundation Books mwaka 1975. Nakiheshimu sana kitabu hiki. Mwandishi wake alikuwa wa huku huku kwetu, na ni miongoni mwa wanawake wa mwanzo nchini kuchapisha riwaya ya Kiswahili. Hakuwa mgeni aliyekuja kupiga picha tembe zetu. Vijana wake wawili, Chonya na Matika, wanasukumwa na shida ya Ugogo hadi Dar es Salaam. Huko wanaikuta shida ikiwasubiri kwa sura nyingine. Na mwisho wanarejea kuanza maisha kijijini, katika utaratibu mpya wa ujamaa.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki iko katika jina lake. Balisidya hakuliita Ukame, wala Njaa, maana hayo ni majina ya mambo yanayopita. Shida haina msimu. Inamfuata mtu mjini kama mbwa anavyomfuata mwenyewe. Hakuna kitabu cha Kiamishi nilichosoma kinachothubutu kusema hivyo. Huko shida ni wingu moja, likishanyesha basi.

Lakini mwisho wake, msomaji, mwisho wake. Siwezi kuusoma bila kukumbuka tarehe. Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1970 na kushika kasi 1971. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja Chamwino akashiriki kufyatua matofali. Malori yalibeba watu na mizigo yao kutoka kwenye tembe zilizotawanyika na kuwashusha kwenye viwanja vilivyopangwa kwa mistari. Nia ilikuwa njema, shule na zahanati na maji, na shule kweli zikaja. Nami nilipata kazi kwa sababu zilikuja. Ila Mgogo hakutawanyika porini kwa ujinga. Alitawanyika kwa sababu ng'ombe wanataka nafasi, na kwa sababu shamba la karibu na zizi lina mbolea. Ukiwakusanya watu mahali pamoja, malisho yanakwenda mbali, kuni zinakwenda mbali, na mwanamke ndiye anayezifuata. Mwaka Shida inatoka, vijiji vile vilikuwa vimekwisha kuonja ukame wa 1973 na ule wa 1974. Kwa hiyo kuwarejesha Chonya na Matika kijijini na kusema sasa maisha yameanza, ni sawa na ile harusi ya ukurasa wa 300. Katika hadithi ya Marekani sala ndiyo inayoponya shamba, na katika yetu ni siasa. Udongo ni ule ule.

Nasema haya nikijua kwamba waandishi wote wa miaka ile walitakiwa kumaliza hivyo, na wengi walitaka wenyewe, kwa moyo safi. Wapo wengine waliolipenda shamba letu kutoka mbali wakapata aibu kubwa zaidi: Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, na kufikia 1951 walikuwa wamekwisha kata tamaa, mamilioni ya pauni yamezama kwenye udongo unaogeuka saruji jua likiwaka. Balisidya angalau aliujua udongo.

Sasa nimlete msomaji ninayemwamini kuliko wahakiki wa chuo kikuu. Ni dada yangu mkubwa, ambaye hajui kusoma na amepita miaka 80. Shida nilimsomea likizo moja mwishoni mwa miaka ya 1970. The Shunning nilimsomea baada ya ukame wa 2006, nikiigeuza kwa Kigogo kadiri nilivyoweza, jioni tano mfululizo, yeye akipepeta uwele.

Kuhusu Katie aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Huyu anayelia huko mtoni, nani anakamua ng'ombe?" Nilifungua kurasa kutafuta. La pili liliponishinda zaidi: "Na huyo askofu aliyeachwa na watoto wake, waliendelea kupikiwa na nani?" Kuhusu Chonya na Matika alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akasema, "Kurudi ni rahisi, Mwalimu. Waliobaki je?"

Lazima nieleze kwa nini maswali ya dada yangu si ya mzaha. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, huku kwetu ulikuwa mwaka wa njaa. Dada alikuwa amekwisha kuposwa na kijana wa kijiji cha pili. Mazungumzo yalikuwa yamekamilika, ng'ombe wametajwa mmoja mmoja kwa rangi zao, na wajomba walijua nani atapata yupi. Mtu asiyewajua Wagogo hudhani mahari ni bei. Ng'ombe wale hawakai kwa baba wa binti. Wanagawanywa kwa ndugu wa upande wa baba na wa upande wa mama, kila mmoja na stahili yake, hivi kwamba ndoa moja inafunga kamba kwenye mazizi mengi. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1960, aliandika kitabu kizima juu ya kamba hizo, kikatoka mwaka 1969. Wala si kijana na binti tu wanaopendana katika mpango huo. Koo zinachumbiana.

Basi ng'ombe wale wa rangi walikufa. Vihenge vya baba vikawa vitupu. Tulikula mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani, ambayo wazee waliyachukia, na yalipochelewa tulikula mizizi. Akatokea mtu mwingine, mkubwa kidogo kwa umri, aliyekuwa na mtama. Alitoa ng'ombe wachache na mbuzi, pamoja na madebe ya mtama ambayo hakuna aliyeyaita mahari, lakini sote tulijua ni kitu gani. Nilikuwa na miaka 10. Mtama ule niliula.

Ndiyo maana hadithi hizi siwezi kuzisoma kama mtu baki. Mwandishi wa mapenzi ya shambani akimfikisha binti wake hapo alipofika dada yangu, ana njia mbili tu: ama binti atoroke na yule kijana wa kwanza, ama aolewe na mwenye mtama afe kwa huzuni. Dada yangu hakutoroka wala hakufa. Aliolewa, akalima, akazaa, akabaki. Fasihi yetu haina jina la maisha hayo, na ya Marekani haina pia, ijapokuwa duniani kote wanaoishi hivyo ni wengi kuliko wanaotoroka.

Ukitaka kuyakuta, inakubidi utoke kwenye riwaya kabisa. Mimi niliyakuta katika kitabu ambacho hakuna mtu angekiweka kwenye rafu ya mapenzi: Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, cha Mathias Mnyampala, kilichotoka mwaka 1954. Watu wanamkumbuka Mnyampala kwa ngonjera na mashairi, naye alistahili sifa hiyo. Lakini kwangu kitabu hiki kikavu kina uhai zaidi. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 hapa hapa Dodoma, mwaka ilipoanza njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Majeshi ya Kijerumani na kisha ya Kiingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Halafu mvua ikakatika. Kufikia 1920, kwa hesabu ya mwanahistoria Gregory Maddox, watu 30,000 walikuwa wamekufa kati ya 150,000. Huyo Maddox ndiye baadaye aliyekitafsiri kitabu cha Mnyampala kwa Kiingereza.

Mtoto wa Mtunya alipokuwa mtu mzima na kushika kalamu, hakuandika kilio. Aliorodhesha koo na zilikotoka, na namna mambo ya ndoa yanavyokwenda. Mwanafunzi anayekisoma kwa ajili ya mtihani atasema kinachosha. Lakini fikiri: watu ambao kizazi kimoja nyuma waliwapoteza jamaa zao kwa njaa, wamerudi wanahesabiana mifugo, wanabishana juu ya haki ya mjomba. Hesabu ile ni namna ya kusema tupo, na tunakusudia kuwapo. Naona mapenzi zaidi katika orodha moja ya mgawanyo wa mahari kuliko katika machozi yote ya Katie Lapp. Mnyampala ana upungufu wake. Anasimulia kama mwanaume na kama mtu wa serikali, na sauti ya binti anayehesabiwa ng'ombe husikii. Hapo ndipo ilipohitajika riwaya, na riwaya ilipokuja ikapanda treni kwenda Dar es Salaam.

Nataka kugusa imani kidogo, kwa kuwa hadithi hizi zinajivunia imani. Katika vitabu vya Kiamishi mtu hutilia shaka kwa sura moja, husali, kisha mambo hufunguka. Imani ya namna hiyo haina kazi ngumu. Baba yangu alisali kanisani Jumapili zote za mwaka ule wa 1961. Katikati ya juma alichangia mnyama mweusi wa kupelekwa kwa mtemi wa mvua, mwenye mawe yake, na hakuona kwamba anamsaliti yeyote. Mvua haikuja. Akaendelea kusali. Kisha mwishoni mwa mwaka ilikuja yote kwa pamoja, mafuriko yaliyoikumba Afrika Mashariki nzima, ikabeba mbegu tulizokuwa tumeficha. Dada huwa anasema, "Tuliomba mvua, tukapewa mto." Anasema hivyo akicheka, na Jumapili inayofuata yuko kanisani, benchi la tatu. Imani hiyo inayojua kucheka bado naingoja katika riwaya ya shambani.

Mwanafunzi wangu wa Mara hakukosea sana aliposema nitadhani ni Ugogo. Kusaidiana kwa Waamishi, kijiji kizima kikijenga ghala la mwenzao kwa siku moja, ni jambo ninalolijua kutoka kwenye kilimo chetu cha kuitana na pombe. Ukali wa wazee na aibu ya mtu kuonekana amejikweza, hayo nayo nayajua. Na hata hofu yao kubwa ni yetu: kwamba mtoto akitoka nje hatarudi. Ninachowadai waandishi wao na wetu ni kugeuza uso. Wasimame na mama mlangoni badala ya kukimbia na binti barabarani, wakae hapo hadi jioni, waone ng'ombe wanakamuliwa na nani.

Nitatoa mfano wa kinachoonekana ukikaa hapo. Mwaka 1974 kijiji chao kilikuwa kimekwisha kupangwa kwa mistari na vihenge vilikuwa vitupu tena. Shemeji yangu, yule mwenye mtama, ambaye sasa hakuwa na mtama, aliondoka usiku kuelekea Kongwa kutafuta nafaka, na mbuzi wanne wa kubadilishana. Alikaa siku tisa. Alirudi na gunia moja la mahindi na khanga moja, mpya, ya rangi nyekundu. Katika mwaka ambao mtu alibadilisha mbuzi mzima kwa debe, alikuwa ametoa kitu fulani ili apate khanga ile, na hakusema ni kitu gani. Dada naye hakuuliza. Aliikunja akaiweka, akaanza kupima mahindi ya siku hiyo kwa kibuyu. Waliishi pamoja miaka 41 baada ya njaa ile ya kwanza, hadi tulipomzika mwaka 2002.

Nilipomwambia dada kwamba nakusudia kuiandika habari ya khanga katika kitabu hiki, alifikiri kidogo. Akasema niandike, ila nisisahau kueleza kwamba punda alikuwa wa kuazima.